Uzazi wa pili bila dawa ya maumivu: maswali ambayo akina mama wa Nairobi huniuliza

Nimezaa mara mbili, zote hapa Nairobi. Mara ya kwanza nililala chali tangu nilipofika hadi mtoto alipotoka, peke yangu, nimeshika ukingo wa kitanda. Mara ya pili nilitembea, nikapiga magoti, nikakandamizwa kiuno na mume wangu, na mtoto akaja maji ya thamosi yakiwa bado ya moto. Tangu hapo nimewasindikiza dada zangu, majirani na wenzangu wa kanisani hadi leba, na maswali ni yale yale. Nimeyajibu hapa. Mimi si mkunga. Jambo linalohusu mimba yako wewe, presha yako au kovu lako, mpelekee mkunga wa kliniki yako.

Je, uchungu wa mtoto wa pili huwa mdogo?

Mara nyingi huwa mfupi. Kuwa mdogo ni jambo jingine.

Mlango wa kizazi ulishafunguka mara moja, na njia ilishapitwa na mtoto, kwa hiyo mwili una pa kuanzia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unasema kwamba kuanzia sentimita 5 hadi njia kufunguka yote, anayezaa mara ya kwanza kwa kawaida hapiti saa 12, na aliyewahi kuzaa hapiti saa 10. Kusukuma nako hukamilika ndani ya saa 3 kwa wa kwanza na saa 2 kwa wa pili, na wengi humaliza mapema zaidi ya hapo.

Lakini wepesi huo una mambo yake. Mikazo inaweza kuja na kutulia kutwa nzima, ukadhani bado, kisha ikashika kasi ghafla na ukajikuta unasukuma kabla hujakumbuka ulichofundishwa. Ndiyo maana kwa uzazi wa pili nashauri vitu vichache, vilivyo karibu na mkono, ambavyo wewe na mwenzako mmeshavifanyia mazoezi sebuleni. Begi lililojaa vifaa vya kujifunzia siku yenyewe halitakusaidia.

Kwa nini nijisumbue na haya yote? Si nitaitisha sindano ya mgongo?

Ukipata, na ukiitaka, ni haki yako. Lakini hapa Nairobi sindano ya ganzi ya mgongo kwa uchungu wa kawaida hupatikana zaidi katika hospitali za binafsi, kwa malipo yake, na daktari wa ganzi awepo. Katika hospitali nyingi za umma hutaipata. Hata unakoweza kuipata, mtoto wa pili anaweza kuwahi kuliko daktari. Kwa hiyo hata aliyepanga kudungwa anahitaji kujua la kufanya kabla ya kudungwa.

Nitachaguaje kinachonifaa?

Anza na uzazi wako wa kwanza. Hili ndilo jambo ambalo mama wa mtoto wa pili analo na wa kwanza hana, na huwa nasikitika linapoachwa bila kutumiwa.

Keti jioni moja na daftari, au na mtu aliyekuwa nawe siku ile, mkumbuke. Uchungu ulikaa wapi: chini ya tumbo, mapajani au kiunoni? Ulilemewa saa ngapi, mwanzoni au karibu na kusukuma? Ulikuwa umekaa vipi? Ulikuwa na nani? Kuna wakati wowote uliohisi afueni, hata ya dakika mbili? Nimemsikia mama akisema hakuna kilichomsaidia, halafu baadaye anakumbuka kwamba alipokwenda chooni alikaa pale muda mrefu kwa sababu palimfaa. Hilo ni jibu tayari: kukaa kulimsaidia kuliko kulala.

Aliyeumwa kiuno, achague kukandamizwa na joto. Aliyelazwa kitandani muda wote, apange kutembea na kuinama. Kama kilichokushinda ni hofu na upweke, kuliko hata maumivu yenyewe, kitu cha kwanza kutafuta ni mtu. Na kama mara ya kwanza ulitendewa vibaya, ukatukanwa au ukapigwa paja, mwambie mkunga wa kliniki mapema. Mwili unakumbuka, na hofu hukaza misuli inayopaswa kulegea.

Nilizalia kiuno. Nifanyweje safari hii?

Wengi husema hivyo, "kuzalia kiuno", na mara nyingi ni kwa sababu kisogo cha mtoto kimeegemea uti wa mgongo wa mama.

Mwenzako aweke kiganja, sehemu ile ngumu karibu na kifundo cha mkono, kwenye mfupa bapa ulio juu kidogo ya mpasuo wa makalio. Mkazo unapoanza, akandamize kwa uzito wa mwili wake, bila kusugua, na asiachie mpaka mkazo uishe. Wewe ndiwe unayemwambia "juu", "chini", "zaidi". Wanaume wengi hukandamiza kwa woga kana kwamba wanagusa yai, kwa hiyo mfundishe nyumbani jinsi unavyotaka. Njia nyingine ni aweke viganja pande zote mbili za nyonga, kwenye nyama ya makalio, azibane kuelekea katikati. Inachosha mikono, kwa hiyo wasaidizi wawili wa kupokezana ni bora kuliko mmoja.

Kijiti cha kusukumia chapati pia kinafaa: kiviringishwe kiunoni kati ya mkazo na mkazo. Mpira wa tenisi nao, ukiubana kati ya mgongo wako na ukuta, unajikandamiza mwenyewe.

Halafu piga magoti na uegemee kiti au kitanda, tumbo lining'inie. Ukikaa hivyo, uzito wa mtoto hutoka kwenye mgongo wako, na baadhi ya watoto hupata nafasi ya kugeuka. Leso nayo ina kazi hapa: ipitishwe chini ya tumbo, mwenzako asimame nyuma yako, ashike ncha zote mbili, ainue kidogo na kutikisa polepole, kama anayepepeta. Isifanywe kama unatoka damu au kama uliambiwa kondo liko chini.

Sababu ya kukandamizwa kusaidia inajulikana. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba uti wa mgongo una kitu kama lango: hisia za mguso na mkandamizo zikipita kwa wingi, zile za maumivu hupunguziwa njia. Bibi zetu waliokanda viuno vya wazazi waliujua ukweli huo kwa mikono yao.

Na maji ya moto?

Kati ya vitu vyote nilivyovijaribu, hiki ndicho nisichokubali kukiacha nyumbani.

Kama una bafu la manyunyu, simama au kaa kwenye kigoda, maji yakimwagikia kiunoni. Kama mtaa wenu uko kwenye mgao na bomba liko kavu, ndoo moja na kopo vinatosha: mtu akumwagie mgongoni taratibu wakati wa mkazo. Maji yawe ya uvuguvugu wa mwili, yasizidi nyuzi 37, uyapime kwa kiwiko kama unayempimia mtoto. Ya moto sana hupandisha joto lako na la mtoto.

Hospitalini beba chupa ya mpira ya maji ya moto, au taulo ndogo na thamosi. Taulo likiloweshwa na kukamuliwa, liwekwe kiunoni au chini ya tumbo. Wakati wa kusukuma, mwombe mkunga akuwekee kitambaa cha uvuguvugu kwenye msamba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza hilo kwa sababu hupunguza michaniko mibaya, na nimeona jinsi linavyopoza ule moto wa kichwa cha mtoto kikichomoza.

Nikifika hospitalini wakaniambia nilale?

Uliza kwa upole: "Sista, kuna sababu ya mimi kulala, au naweza kusimama?" Wakati mwingine sababu ipo: wanamsikiliza mtoto, wanakupima njia, presha imepanda. Wakikupima na kumaliza, inuka. Kama hakuna sababu ya kitabibu, ule mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko upande wako. Tafiti zilizolinganisha wanawake waliolala na waliosimama, kutembea au kukaa zinaonyesha kwamba waliokuwa wima walimaliza hatua ya kufunguka kwa njia mapema, kwa zaidi ya saa moja kwa wastani, na walihitaji sindano ya mgongo kidogo.

Wodi zetu zina vitanda vingi na nafasi kidogo. Huhitaji ukumbi. Simama kando ya kitanda, weka mikono juu yake, zungusha nyonga. Ukichoka, lala kwa ubavu, wa kushoto au wa kulia, na mto au leso iliyokunjwa katikati ya magoti. Kulala chali ndiko kuliko na hasara, kwa sababu tumbo hulalia mshipa mkubwa wa damu.

Kupumua kunasaidia kweli, au ni maneno?

Kunasaidia, ila hakuondoi maumivu. Kazi yake ni kukuzuia usijikaze. Vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, toa kwa mdomo ukihesabu hadi sita au nane, na kila unapotoa ulegeze taya na mabega. Ukitaka kutoa sauti, itoe ya chini, ya kifuani. Ukelele wa juu hukaza koo na mwili mzima. Mkazo mmoja ni kama dakika moja, yaani pumzi tano au sita tu, na nilipoanza kuzihesabu pumzi badala ya saa, nilipata nguvu.

Kuna wanaoimba tenzi, kuna wanaovuta uradi, kuna wanaoweka muziki masikioni. Vyote ni vyema. Dada yangu mdogo aliimba ubeti mmoja wa wimbo wa ibada mpaka mama wa kitanda cha pili akaitikia, na nakumbuka wodi ilivyotulia.

Nani anifuate leba?

Hapa nitasisitiza, kwa sababu hakuna kifaa kinachoshinda mtu.

Tafiti 26 zilizokusanywa pamoja, zenye wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17, zinaonyesha kwamba mama mwenye mtu wa kukaa naye mfululizo huzaa kwa njia ya kawaida zaidi, uchungu wake huwa mfupi kidogo, na hutumia dawa za maumivu kidogo. Mtu huyo anaweza kuwa mume, mama, dada, rafiki, au msindikizaji wa kulipwa.

Chagua anayeweza kutulia. Kuna anayekupenda sana lakini akikuona unaumia analia kukushinda. Huyo mpe kazi ya kukulelea mtoto wa kwanza. Mume akiwa tayari, mwandae, lakini uliza kliniki mapema kama wodi yao inaruhusu wanaume: mahali ambapo vitanda vinatenganishwa na pazia tu, mara nyingi huruhusiwa mwanamke. Uliza ukiwa na wiki 30 hivi, upate wakati wa kutafuta mwingine.

Mtoto wangu wa kwanza atabaki na nani? Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Hili nalo ni swali la maumivu, ingawa halionekani hivyo. Mama mwenye wasiwasi mwanzoni mwa uchungu anaweza kuona mikazo ikikatika, kwa sababu adrenalini hushindana na homoni zinazosukuma uzazi mbele. Kwa hiyo panga watu wawili: wa kwanza anayeishi karibu, mlango wa jirani ikiwezekana, wa kumchukua hata saa tisa usiku, na wa pili wa kuja kesho yake. Nyanya anayetoka mashambani ni baraka, lakini mtoto wa pili hamsubiri ateremke basi. Mlaze kifungua mimba kwa jirani usiku mmoja kabla ya siku zako, azoee. Na sare, dawa zake na anachopenda kula viwe kwenye mfuko mmoja.

Kile kimashine cha umeme cha kubandika mgongoni?

Kinaitwa TENS. Hutuma umeme mdogo kupitia vibandiko vya mgongoni, na nadharia yake ni ile ile ya lango. Ushahidi wake katika uzazi ni hafifu. Wapo waliokisifu mikazo ikiwa bado michanga. Kisitumike kwenye maji, wala na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Mimi nisingenunua. Ukipata cha kuazima kutoka kwa mtu wa fiziotherapia akakufundisha, jaribu.

Nimesikia kuna sindano za maji tu. Ni kweli?

Ni kweli. Ni maji safi yasiyo na dawa, tone dogo chini ya ngozi mahali panne kiunoni. Huchoma kama nyuki kwa nusu dakika hivi, kisha maumivu ya kiuno yanaweza kupungua kwa hadi saa mbili. Yanahitaji mkunga aliyefunzwa, kwa hiyo uliza kabla.

Mama mkwe ananipa dawa ya kienyeji ya kuharakisha. Nikatae?

Kataa. Kwa heshima, lakini kataa.

Baadhi ya mitishamba ya kuharakisha uchungu hukaza mji wa mimba kwa nguvu isiyopimika. Mikazo ikifuatana bila pumziko, mtoto hukosa hewa, na mji wa mimba unaweza kupasuka. Hatari ni kubwa zaidi kwa aliyewahi kuzaa na zaidi sana kwa mwenye kovu la upasuaji. Mafuta ya mbarika nayo huharisha, ukafika leba huna maji mwilini. Mwambie: "Mama, nikandeni kiuno na mnichemshie uji." Hiyo ni kazi ya heshima na inasaidia kweli. Ukiwa huna tatizo la kiafya, kula kidogo na kunywa wakati wa uchungu kunaruhusiwa, na uji mwepesi unakaa vizuri tumboni. Na kama tayari umekunywa kitu, mwambie mkunga bila kuficha, hata kama utagombezwa.

Gesi ya kuvuta ni dawa?

Ni dawa, ingawa ni nyepesi: nusu oksijeni, nusu nitrasi oksaidi, na huisha mwilini dakika chache baada ya kuacha kuvuta. Pethidini ni dawa kamili, na ikitolewa karibu na mtoto kuzaliwa inaweza kumfanya awe mzito kupumua na kunyonya.

Mara ya kwanza nilipasuliwa. Naweza kujaribu njia ya kawaida bila dawa?

Wengi wanaweza kujaribu, lakini uamuzi ni wa daktari aliyeona jinsi ulivyopasuliwa, na ni hospitalini tu, mahali penye thieta inayofanya kazi usiku na mchana. Hapo kukandamizwa, joto na kupumua vyote vinafaa. Jambo moja: ukihisi maumivu kwenye kovu ambayo hayaondoki mkazo unapoisha, sema papo hapo. Usiyavumilie kwa jina la uzazi wa asili.

Nikisema "bila dawa", nikatae kila sindano?

Hapana, na hili tafadhali lisikiwe vizuri. Tunazungumzia dawa za kutuliza uchungu peke yake. Sindano ya oksitosini inayodungwa mtoto akishatoka ni ya kuzuia kutoka damu nyingi, na kutoka damu ndiko kunakoua wazazi wengi. Ipokee. Kama unatumia ARV, endelea nazo kwa saa zake hata ukiwa leba. Kama damu yako ni ya kundi hasi, sindano yako ya baada ya kuzaa nayo si ya kutuliza uchungu, kwa hiyo usiikatae. Na ukichanika ukahitaji kushonwa, dai ganzi. Hakuna sababu ya kushonwa ukiwa macho na maumivu yote.

Nikishindwa katikati nikaomba dawa?

Hujashindwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hakuna mwingine wa kukupimia. Mikazo ya dripu ya kuongeza uchungu huja kwa nguvu zaidi kuliko ya kawaida, na mama aliyejipanga kwa ile ya kawaida ana haki ya kubadili mpango. Ila ujue hivi: karibu na kusukuma huja kipindi cha kutetemeka, kutapika na kusema "siwezi tena". Kwa uzazi wa pili, maneno hayo mara nyingi maana yake ni kwamba umefika. Mwombe mkunga akupime kwanza, kisha uamue.

Nitoke nyumbani lini?

Mapema kuliko mara ya kwanza. Mikazo ikishakuwa ya mpango, kila dakika tano hadi saba, na huwezi kuongea katikati yake, ondoka. Anayeishi Kayole au Githurai na anazalia upande mwingine wa mji asingoje hata hapo, hasa jioni: Thika Road na Jogoo Road hazijui mwenye uchungu. Weka nambari za madereva wawili wa teksi mnaofahamiana. Bodaboda si ya mama mwenye mikazo.

Usingoje mikazo kabisa kama maji yamevunjika, zaidi sana yakiwa ya kijani au kahawia, kama unatoka damu, kama mtoto amepunguza kucheza, au kama kichwa kinauma sana na macho yanaona giza.

Mtoto akikuwahi nyumbani, lala kwa ubavu au piga magoti, mwenzako apige simu ya kuomba msaada, mtoto apokewe kwa leso safi, akaushwe, awekwe kifuani kwako ngozi kwa ngozi na afunikwe. Kitovu kisivutwe wala kukatwa kwa wembe wa nyumbani.

Mbona hakuna aliyeniambia kuhusu maumivu ya baada ya kuzaa?

Kwa sababu baada ya mtoto wa kwanza hayaonekani sana. Mtoto wa pili akinyonya, mji wa mimba hujikaza ili urudi ulivyokuwa, na kwa kuwa umeshatanuka mara mbili hulazimika kukaza kwa nguvu zaidi. Kwa siku mbili tatu za kwanza kila unyonyeshaji unaweza kuanza na chango linalokufanya ukunje vidole vya miguu.

Kojoa kabla ya kunyonyesha, kwa sababu kibofu kilichojaa huzidisha. Weka chupa ya maji ya moto tumboni, iliyofungwa kwa taulo. Pumua zile pumzi ndefu ulizotumia leba. Ukilala kifudifudi na mto mdogo chini ya tumbo, mara nyingi hutulia. Parasetamoli ukiihitaji ni salama kwa anayenyonyesha. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, au yakija na homa, uchafu wenye harufu mbaya, au damu inayolowesha pedi moja ndani ya saa moja, rudi hospitalini siku hiyo hiyo, na mtoto umbebe.